Waislamu Wahamiaji na Sera za Tamaduni Nyingi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudiwa kila wanapokutana watu wenye ndugu Leicester, Marseille, Toronto au Hamburg: baada ya swala ya Ijumaa, kwenye arusi, kwenye makundi ya WhatsApp. Yameanzia kwenye msingi na kuishia kwenye yale magumu. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, namba ya swali imetajwa. Mwenye kesi mkononi amwone mwanasheria wa nchi aliko.

## Mambo ya msingi

1. Sera ya tamaduni nyingi ni nini hasa?

Ni msimamo wa serikali kwamba mhamiaji anaweza kuwa raia kamili bila kuacha dini yake, lugha yake wala desturi zake, na kwamba shule, hospitali, polisi na jeshi vina wajibu wa kujirekebisha ili vimhudumie yeye pia. Hapo ndipo inapozidi uvumilivu wa kawaida. Anayekuvumilia anakuacha tu ulivyo, lakini sera hii inaidai serikali ifanye kazi.

Canada ndiyo iliyotangulia kuitangaza rasmi, Oktoba 1971, chini ya Waziri Mkuu Pierre Trudeau. Ikaiingiza katika Mkataba wa Haki na Uhuru wa 1982, kisha ikaitungia sheria kamili mwaka 1988. Sweden ilifuata 1975, na Uholanzi 1983 kwa waraka wa serikali kuhusu jamii za wachache. Uingereza haijawahi kuwa na sheria ya jina hilo. Ilikuwa na sheria za kupinga ubaguzi wa rangi za 1965, 1968 na 1976, na hotuba ya mwaka 1966 ya Waziri wa Mambo ya Ndani Roy Jenkins, aliyesema kwamba utangamano si kuwalazimisha watu wote wafanane, bali ni fursa sawa, tofauti za utamaduni na kuvumiliana.

Katika mipango hiyo ya mwanzo Waislamu hawakufikiriwa kama Waislamu. Walihesabiwa kuwa Wapakistani, Waturuki, Wamoroko. Dini yao ilianza kuwa suala la serikali baadaye, hasa kuanzia 1989 (maswali ya 5 na 17), na sera zilizotungwa kwa kufikiria rangi na lugha zikajikuta hazina jibu.

2. Je, maana yake ni kila jamii kujitawala kwa sheria zake?

Hapana. Hakuna nchi kati ya zilizotajwa hapo juu iliyowapa wahamiaji Waislamu mamlaka ya kutunga sheria au kuhukumu. Sheria ya jinai ni moja kwa wote, na ndoa, talaka na malezi ya watoto viko chini ya mahakama za kawaida. Anayesema sera hii imeleta sheria za Kiislamu Ulaya hajasoma sheria hizo. Kuhusu mabaraza ya usuluhishi, tazama swali la 15.

3. Waislamu hawa walifikaje huko?

Wengi waliitwa. Sheria ya Uraia ya Uingereza ya 1948 ilimruhusu mtu wa makoloni kuingia na kufanya kazi, na viwanda vya nguo vya Bradford na Lancashire vikajaa vijana wa Mirpur na Sylhet waliofanya zamu za usiku. Ujerumani Magharibi ilitia saini mkataba na Uturuki tarehe 30 Oktoba 1961 kuomba wafanyakazi. Ufaransa iliwachukua watu wa Algeria, Moroko na Tunisia kujenga nyumba na magari. Serikali hizo ziliamini kwamba watu hao wangefanya kazi wakaondoka. Ujerumani ilipofunga mlango mwaka 1973, waliokuwa ndani waliogopa kwamba wakitoka hawatarudi tena, wakaita wake na watoto. Kwa hiyo hatua iliyokusudiwa kuwapunguza ndiyo iliyowafanya wakazi wa kudumu.

Upo pia mlango uliopitia kwetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Wazanzibari wengi walitawanyika, wengine wakafika Uingereza. Mwaka 1968 Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walipoanza kuhamia huko, bunge la London lilipitisha sheria ya kuwazuia kwa siku chache tu, na mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaona huo ni ubaguzi wa rangi unaodhalilisha utu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Kampala kuwasihi wasiende mjini kwake. Walikwenda, Wahindu, Masingasinga na Waislamu pamoja, wakafungua maduka na viwanda, na leo mji huohuo unajivunia historia yao. Canada iliwapokea maelfu, wengi wao Maismailia.

Tena wapo Wabarawa, wanaozungumza Chimwini, ndugu wa Kiswahili chetu. Vita vya Somalia vilivyoanza 1991 viliwapitisha wengi Mombasa kabla ya kuwafikisha London, Manchester na miji ya Marekani.

4. Ni wangapi?

Sensa ya 2021 ya England na Wales ilihesabu Waislamu milioni 3.9, yaani asilimia 6.5, kutoka asilimia 4.9 mwaka 2011. Ujerumani ilikadiria mwaka huohuo kuwa na Waislamu kati ya milioni 5.3 na 5.6. Ufaransa haiulizi dini katika sensa, kwa hiyo kila namba utakayoisikia kutoka huko ni makisio, na mara nyingi mtoaji ana shabaha yake ya kisiasa.

## Kila nchi na njia yake

5. Kwa nini binti avae hijabu shuleni London na akatazwe Paris?

Ufaransa ilitenga dini na dola kwa sheria ya 1905, baada ya mapambano marefu na Kanisa Katoliki. Sheria hiyo inaitaka serikali isifungamane na dini yoyote, na wakati huohuo inamhakikishia kila mtu uhuru wa kuabudu. Kwa miaka 80 na zaidi haikuwa na habari na kitambaa cha mwanafunzi. Mwaka 1989 wasichana watatu wa Creil, kaskazini mwa Paris, walifukuzwa shule kwa kuvaa hijabu. Baraza Kuu la Dola likaamua kwamba hijabu peke yake haivunji sheria. Siasa haikuridhika. Miaka 15 baadaye, tarehe 15 Machi 2004, ilipitishwa sheria ya kuwakataza wanafunzi wa shule za umma kuvaa alama za dini zinazoonekana waziwazi: hijabu, kofia ya Kiyahudi, msalaba mkubwa. Mwaka 2023 katazo likaongezwa hadi abaya. Vyuo vikuu havihusiki.

Uingereza haina sheria kama hiyo, na uamuzi huachiwa shule. Lakini hata huko uhuru una mpaka. Katika kesi ya shule ya Denbigh ya Luton, msichana aliyetaka kuvaa jilbabu badala ya shalwar kamizi na hijabu zilizoruhusiwa alishindwa mwaka 2006 mbele ya majaji wa juu kabisa, kwa sababu shule ilikuwa imeshauriana na wazazi na misikiti kabla ya kupanga sare, na zilikuwapo shule nyingine za kwenda.

Watetezi wa sheria ya 2004 husema shule lazima iwe mahali ambapo mtoto hasukumwi na dini, na wapo wasichana waliokuwa wakilazimishwa nyumbani. Shinikizo hilo lipo, na si haki kulikana. Lakini tiba yake haiwezi kuwa kumfukuza msichana mwenyewe darasani, mahali ambapo angepata elimu ya kumwezesha kujiamulia. Na dola inayodai haifungamani na dini bado inawalipa mishahara mapadri, wachungaji na marabi wa Alsace na Moselle, kwa kuwa majimbo hayo yalikuwa chini ya Ujerumani sheria ya 1905 ilipopita. Maimamu hawamo katika orodha hiyo.

6. Serikali zinafadhili shule za Kiislamu?

Baadhi. Uholanzi imelazimika kikatiba tangu 1917 kuzifadhili shule za dini sawa na za serikali. Waislamu walipoomba, mlango ulikuwa tayari wazi, na shule zao za kwanza zilianza 1988. Uingereza ilikuwa ikifadhili shule za Kianglikana, Kikatoliki na Kiyahudi kwa miongo mingi, lakini maombi ya Waislamu yalikataliwa mara kwa mara hadi 1998, Islamia ya London na Al-Furqan ya Birmingham zilipokubaliwa. Mwanazuoni Tariq Modood ameeleza jambo hili vizuri: nchi nyingi za Ulaya hazikuwa na utengano kamili wa dini na dola hata siku moja, na Waislamu waliomba tu kuingizwa katika utaratibu walioukuta.

7. Na Ujerumani?

Ujerumani ilichelewa kwa sababu ilikataa kujiona nchi ya wahamiaji. Mtoto wa Kituruki aliyezaliwa Köln aliendelea kuwa mgeni mpaka sheria ya uraia ilipobadilika mwaka 2000. Mwaka 2006 serikali ilianzisha Kongamano la Uislamu la kuzungumza na Waislamu, na mwaka 2012 jiji la Hamburg likatia saini mkataba na jumuiya za Kiislamu unaogusa sikukuu, mazishi na mafundisho ya dini shuleni.

Tatizo lililobaki ni nani azungumze kwa niaba ya Waislamu. Makanisa ya Ujerumani yana uongozi unaotambulika kisheria. Uislamu wa Sunni hauna upapa, na jumuiya kubwa kuliko zote, DITIB, kwa miaka mingi imeletewa maimamu wanaolipwa na serikali ya Uturuki. Ndiyo maana mwaka 2021 kilianza chuo cha maimamu huko Osnabrück kinachofundisha kwa Kijerumani.

8. Je, ni kweli sera ya tamaduni nyingi imekufa?

Angela Merkel alisema Oktoba 2010 kwamba imeshindwa kabisa. Februari 2011 David Cameron alisema karibu hayohayo mjini Munich, naye Nicolas Sarkozy akafuata siku chache baadaye. Ajabu ni kwamba wawili kati ya hao watatu waliongoza nchi ambazo hazikuwahi kuifuata.

Wanazuoni Keith Banting na Will Kymlicka wa Canada wamepima kwa miaka mingi sera zenyewe, si hotuba, katika nchi 21. Walichokiona ni kwamba kati ya 1980 na 2010 sera hizo kwa ujumla ziliongezeka barani Ulaya. Uholanzi ndiyo iliyorudi nyuma waziwazi, hasa baada ya mtengeneza filamu Theo van Gogh kuuawa na kijana mwenye siasa kali za Kiislamu tarehe 2 Novemba 2004. Kwingine serikali ziliongeza mitihani ya lugha na ya uraia juu ya sera za zamani bila kuzifuta.

Wakosoaji wana hoja moja nzito. Baada ya ghasia za Oldham, Burnley na Bradford mwaka 2001, ripoti ya Ted Cantle ilieleza watu wa mji mmoja wanaosoma, kufanya kazi na kuishi bila kukutana kabisa. Hali hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini Wapakistani wa Oldham hawakutengwa na tamasha la utamaduni. Viwanda vilifungwa, ugawaji wa nyumba za halmashauri ulikuwa na ubaguzi, na kila familia ya Kizungu iliyoweza ilihama mtaa. Kuilaumu sera ya utamaduni kwa makosa ya ajira na makazi ni njia rahisi ya kukwepa gharama ya kuyarekebisha.

## Kazini, buchani, makaburini

9. Mwajiri anaweza kunikataza hijabu?

Inategemea nchi. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2017, katika kesi ya mpokea wageni wa Ubelgiji, kwamba kampuni binafsi inaweza kukataza alama zote za dini, siasa na falsafa ikiwa inalifanya hilo kwa wote. Mwaka 2021 ikabana zaidi: kampuni ioneshe haja ya kweli, isikae ikatamka tu neno "kutoegemea upande". Kwa walimu wa Ujerumani, Mahakama ya Katiba ilisema mwaka 2015 kwamba katazo la jumla halikubaliki mpaka pawe na hatari halisi ya kuvuruga amani ya shule.

Huko Québec, Sheria ya 21 ya mwaka 2019 inawakataza walimu wa shule za umma, polisi na waendesha mashtaka kuvaa alama za dini kazini. Serikali ya jimbo iliilinda kwa kifungu cha katiba kinachoruhusu sheria ipite juu ya haki za msingi. Jambo hili linawashangaza wanaoijua Canada kwa ukarimu wa swali la 1, lakini Québec haikuikubali sera ya Trudeau tangu mwanzo.

10. Nikabu imekatazwa wapi?

Ufaransa (sheria ya Oktoba 2010), Ubelgiji, Austria, Denmark tangu Agosti 2018, na Uswisi kuanzia Januari 2025. Uholanzi imeikataza tangu 2019 katika shule, hospitali, ofisi za serikali na vyombo vya usafiri, lakini si barabarani. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliikubali sheria ya Ufaransa mwaka 2014 kwa hoja ya "kuishi pamoja", hoja ambayo majaji wawili waliipinga kwa maandishi. Uingereza haijakataza. Huko mtu huombwa kufunua uso pale tu unapohitajika kutambuliwa.

11. Nitapewa ruhusa ya swala ya Ijumaa?

Hakuna haki ya moja kwa moja. Mwalimu mmoja wa London alidai dakika hizo miaka ya 1970 akashindwa hadi Ulaya. Leo Sheria ya Usawa ya 2010 inamtaka mwajiri wa Uingereza aoneshe kwamba ratiba yake, ikimwumiza mtu kwa dini yake, ina sababu ya haki na ya kiasi. Kwa vitendo, anayeomba mapema kwa maandishi na kujitolea kufidia muda huo hufanikiwa kuliko anayenyamaza kisha akatoroka.

12. Kuchinja bila kumzimisha mnyama kumekatazwa?

Denmark, Sweden, Norway, na tangu 2019 majimbo mawili ya Ubelgiji, Flanders na Wallonia, ndiyo. Uingereza na Ufaransa zinaruhusu kwa msamaha wa kidini. Ujerumani hutoa vibali maalumu, baada ya bucha mmoja Mturuki kushinda Mahakama ya Katiba Januari 2002. Nyama ya halali si haramu kuuzwa katika nchi yoyote kati ya hizo. Nyingi huagizwa nje au hutokana na mnyama aliyezimishwa bila kufa, na wapo mashehe wanaoijuzisha na wasioijuzisha.

Suala hili ni la Wayahudi pia. Katazo la Uswisi la 1893 liliwalenga wao. Lilipita kwa kura ya wananchi, njia ileile tutakayokutana nayo katika swali la 20.

13. Maiti yetu itazikwa kwa wakati, bila jeneza?

Mazishi ndiyo yanayowatia watu hofu kuliko yote, na ndipo halmashauri nyingi zilipoonesha ubinadamu. Makaburi mengi ya Uingereza yana sehemu ya Waislamu inayoelekea Kibla. Majimbo mengi ya Ujerumani yamelegeza sharti la jeneza. Kuhusu haraka ya kuzika, kesi iliyosaidia ilifunguliwa na jumuiya ya Wayahudi: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya London ilimwambia ofisa wa uchunguzi wa vifo kwamba hawezi kukataa katakata kuzipa kipaumbele familia ambazo dini yao inataka mazishi ya haraka. Waislamu wa mitaa hiyo walinufaika mara moja.

Ndivyo ilivyokuwa kuhusu tohara Ujerumani. Mahakama ya Köln iliiita jeraha la mwili mwaka 2012, Waislamu na Wayahudi wakapaza sauti pamoja, na Desemba mwaka huohuo bunge likaihalalisha kwa masharti ya kitabibu.

## Ndoa na wanawake

14. Nikaha iliyofungwa msikitini Uingereza inatambuliwa na serikali?

Peke yake, mara nyingi hapana, na hili limewaumiza wanawake wengi kuliko sheria zote za mavazi. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1949 ya England na Wales, ndoa inatambulika ikifungwa kwa msajili, au katika jengo la ibada lililosajiliwa kwa ndoa. Misikiti mingi haijasajiliwa hivyo, na nikaha nyingi hufungwa nyumbani au ukumbini. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilisema nikaha ya namna hiyo si ndoa hata iliyo batili. Kisheria hakuna kilichofungwa.

Matokeo yake huonekana siku ya msiba au ya ugomvi. Mke wa miaka 20 anaambiwa yeye ni mwenza tu: hawezi kudai mgawanyo wa mali kama mtaliki, na mume akifa bila wosia haimo jina lake katika mirathi ya serikali. Mbele ya Mungu ni mke, mbele ya benki si chochote. Wanaume wanaolijua hili na kulinyamazia wanafanya dhuluma, na imamu anayefungisha bila kuuliza cheti cha serikali anashiriki.

Ndoa iliyofungwa kihalali Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, kwa sheria ya huko, inatambulika Uingereza ikiwa wote wawili walikuwa na sifa ya kuoana. Kwa hiyo aliyeolewa nyumbani atunze cheti chake. Lakini mwanamume mwenye makazi ya kudumu England hawezi kuja pwani akaoa mke wa pili na kutarajia England imtambue huyo. Na talaka inayotamkwa ndani ya Uingereza haivunji ndoa ya serikali, hata ikiandikwa na kushuhudiwa.

15. Kwani hakuna mahakama za kadhi huko?

Aliyekulia Kenya, ambako Katiba ya 2010 inazitambua mahakama za kadhi katika kifungu cha 170, au Zanzibar, huona ajabu kwamba hakuna. Yapo mabaraza ya sharia, la zamani likiwa la Leyton, London, lililoanzishwa 1982. Kazi yao kubwa ni kuwapa talaka ya kidini wanawake ambao waume wamekataa kutoa. Hayana nguvu ya kisheria. Uchunguzi wa serikali ulioongozwa na Profesa Mona Siddiqui, uliotolewa 2018, ulipendekeza ndoa za kidini zisajiliwe na serikali kabla au wakati wa nikaha, ili mwanamke asiwe na haja ya baraza hata kidogo. Huo ndio ushauri bora uliowahi kutolewa kuhusu jambo hili.

Ontario ilipitia mjadala mkali zaidi. Sheria yake iliruhusu usuluhishi wa kidini katika mambo ya familia, na Wayahudi na Wakristo waliutumia kimya kimya. Waislamu walipotaka nao, zogo likazuka, na Septemba 2005 Waziri Mkuu wa jimbo Dalton McGuinty akatangaza kuufuta kwa wote.

16. Je, sera hizi hazimwachi mwanamke mikononi mwa wazee wa jamii?

Zinaweza. Mwanafalsafa Susan Moller Okin aliuliza mwaka 1997 kama haki za makundi hazimgeuki mwanamke ndani ya kundi, na swali lake bado liko hai. Serikali ikimteua mzee mmoja kuwa mdomo wa "jamii ya Waislamu", binti anayelazimishwa kuolewa atakwenda kwa nani? Uingereza ilichelewa. Amri za mahakama za kuzuia ndoa za lazima zilitungiwa sheria 2007, kulazimisha ndoa kukawa kosa la jinai 2014, na tangu Februari 2023 hakuna anayeweza kuoa au kuolewa chini ya miaka 18 England na Wales. Mashirika ya wanawake Waislamu na Waasia ndiyo yaliyopigania mengi ya hayo.

Kwa hiyo kipimo kiwe mtu mmoja mmoja. Sera inayomwezesha mwanamke kuvaa hijabu akitaka, kuivua akitaka, kwenda kwa imamu au kwa hakimu apendavyo, inamheshimu. Inayomwamulia, iwe kwa jina la Jamhuri au la desturi, haimheshimu.

## Chuki na usalama

17. Sheria inamlinda Mwislamu dhidi ya chuki?

Leo ndiyo, lakini pengo lilikuwa kubwa. Mwaka 1983 majaji wa Uingereza walisema Masingasinga ni kabila na hivyo wanalindwa na sheria ya ubaguzi wa rangi. Wayahudi pia walilindwa. Waislamu, kwa kuwa wana rangi zote, hawakulindwa kama Waislamu: mwaka 1989, walipoandamana dhidi ya riwaya iliyomtusi Mtume, sheria ya kukufuru iliilinda dini ya Kikristo tu. Ubaguzi wa kidini kazini ulikatazwa 2003, na uchochezi wa chuki ya kidini 2006.

Tarehe 5 Juni 2013, wiki mbili baada ya mwanajeshi Lee Rigby kuuawa London na watu wawili wenye siasa kali za Kiislamu, kituo cha Wabarawa cha Al-Rahma huko Muswell Hill, kaskazini mwa London, kiliteketezwa. Watu waliokimbia risasi za Mogadishu walichomewa mahali watoto wao walipojifunza Kurani. Sinagogi la Finchley liliwafungulia milango, wakafuturu na kuswali humo Ramadhani. Hakuna waraka wa wizara uliofanya kazi kubwa kuliko hiyo.

18. Mpango wa Prevent ni nini?

Ni mpango wa Uingereza wa kuzuia watu wasiingie katika ugaidi, uliokua baada ya mabomu ya London ya tarehe 7 Julai 2005 yaliyoua watu 52. Tangu 2015 walimu, madaktari na wahadhiri wana wajibu wa kisheria wa kutoa taarifa za wanaowashuku. Ugaidi ni jambo la kweli na Waislamu wenyewe wamo miongoni mwa waliouawa siku hiyo. Lakini mwalimu akifanywa mpelelezi, mtoto huacha kuuliza maswali darasani na kwenda kuyauliza mtandaoni.

19. Kuchoma Kurani hadharani kunaruhusiwa?

Denmark, iliyokuwa kitovu cha mgogoro wa katuni za Mtume za Septemba 2005, ilipitisha Desemba 2023 sheria ya kukataza kudhalilisha hadharani maandiko matakatifu ya dini zinazotambuliwa. Sweden haikuwa na sheria ya namna hiyo, ingawa mchomaji anaweza kushtakiwa kwa kuchochea chuki dhidi ya kundi.

## Yasiyo ya kawaida

20. Uswisi ilikatazaje minara?

Kwa kura ya wananchi ya tarehe 29 Novemba 2009: asilimia 57.5 walikubali katazo liingie katika katiba. Nchi nzima ilikuwa na minara minne. Makanisa makubwa, maaskofu na serikali yenyewe walilipinga. Ni fundisho gumu kwa anayedhani demokrasia peke yake inatosha kumlinda mwenye idadi ndogo.

21. Mayotte, Waislamu si wahamiaji. Sheria za Ufaransa zinafanyaje huko?

Mayotte ilichukuliwa na Ufaransa 1841, na wakazi wake, wasemaji wa Kishimaore kilicho jirani ya Kiswahili, karibu wote ni Waislamu. Kisiwa kilipokaribia kuwa mkoa kamili wa Ufaransa mwaka 2011, makadhi waliondolewa mamlaka ya kuhukumu (2010) na kubakishwa kama wasuluhishi. Hapo Mwislamu ni mwenyeji mwenye wingi kisiwani na mchache kitaifa kwa wakati mmoja, na sheria ya shule ya swali la 5 inamhusu binti wa Mamoudzou sawa na wa Paris.

22. Mimi siswali. Nitahesabiwa Mwislamu?

Kwenye sensa ya Uingereza swali la dini ni la hiari, jaza utakavyo au liache. Mitaani watu watakuhukumu kwa jina lako. Sheria ya Usawa inamlinda pia anayebaguliwa kwa *kudhaniwa* ana dini fulani, na asiye na dini kabisa.

23. Nikiomba uraia, nitalazimishwa kupeana mkono na mwanamke? Na pasipoti yangu ya nyumbani?

Denmark, ndiyo: tangu 2019 hafla ya uraia inamtaka mwombaji ampe mkono ofisa, awe mwanamume au mwanamke. Huko Ujerumani daktari mmoja kutoka Lebanon aliyefaulu mitihani yote alinyimwa uraia kwa kukataa mkono wa ofisa mwanamke, na mwaka 2020 mahakama ya Baden-Württemberg ikaukubali uamuzi huo. Canada ilikwenda upande mwingine: mwaka 2015 mahakama zilimruhusu mwanamke mwenye nikabu kula kiapo cha uraia akiwa amejifunika, baada ya kumwonesha uso ofisa wa kike faraghani.

Kuhusu pasipoti, Ujerumani inaruhusu uraia pacha kwa wote tangu tarehe 27 Juni 2024, na Kenya inauruhusu tangu Katiba ya 2010. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtanzania atakayekubali uraia wa Ujerumani, Uingereza au Canada anapoteza wa kwao, kwa hiyo aulize kwanza ubalozini kuhusu ardhi na mirathi yake nyumbani kabla ya kutia saini.